Mwizi wa Matza wa Darasa la Bluu

Jumatatu, 13 Machi

Leo hakuna aliyelia mlangoni! Isipokuwa mama mmoja. Darasa la Bluu limeshanikubali. Miaka mitano mitano, pua zinachuruzika, lakini sasa wanajua kwamba Mora Vivi – mwalimu Vivi, ndiye mimi – akisema "sheket", yaani kimya, kila mdomo unafungwa. Kwa muda mfupi. Si haba.

Malena, mmoja wao, ananiarifu kwamba nyumbani anazungumza Kiebrania na mbwa wake, na mbwa anaelewa kuliko baba. Nimeamini.

Nimeanza nao Pasaka yetu ya Kiyahudi. Wimbo wa kwanza: machipuko yamefika, maua yamechanua. Malena akanyoosha kidole dirishani. Nje miti yote ya barabara inapukutisha majani. "Mora, wimbo wako muongo." Nikamwambia huko Israeli ndiyo machipuko, sisi huku Buenos Aires tunaimba tu kwa heshima. Akanitazama kama mteja anayeuziwa samaki wa juzi. Kila mwaka nafundisha wimbo huu na kila mwaka nashindwa kesi hii hii.

Na yuko Iair, mwenzake. Huyo kazi yake kusikiliza, mdomo wazi. Swali lake huja kesho yake, wakati wewe umeshasahau somo.

Alhamisi, 16 Machi

Kioja getini! Iair huletwa asubuhi na baba yake, Damián. Siku ya Alhamisi huja kumchukua babu yake, zeide Isidoro – kofia, koti la sufu hata jua likiwaka, peremende mfukoni kwa kila mtoto. Leo Damián alirudi saa ya kutoka kuleta sweta iliyosahauliwa. Zeide kumwona mwanawe tu, akavuka barabara. Mzee yule! Mbio, katikati ya magari! Akasimama upande wa pili akisoma tangazo la duka la dawa, neno kwa neno, mpaka Damián alipoondoka.

Nikamuuliza Graciela, mkuu wetu. Akiwa na kibuyu chake cha chai ya yerba mkononi hana siri. Kumbe familia ina duka la vifungo, chini ya nyumba ya zeide, karibu na barabara ya Corrientes. Bobe Ester, nyanya yake Iair, alipimia utepe juu ya meza ndefu ya duka lile tangu alipoolewa. Alipofariki, Damián akashika duka, akaleta rafu mpya za chuma, meza akaiuza. Hakumuuliza mtu. Zeide akashuka asubuhi akakuta sakafu tupu. Tangu siku hiyo hawasemezani.

Kwa ajili ya meza! Hivyo ndivyo nilivyosema mbele ya Graciela. Sasa niko nyumbani, nimekaa kwenye meza ya mama yangu, na ninaona haya.

Jumanne, 21 Machi

Leo afikoman. Somo langu bora la mwaka, najisifu bila aibu.

Nimewaeleza polepole. Matza ni mkate bapa usiotiwa hamira. Mkubwa wa meza anavunja mmoja, nusu anaifunga kwenye kitambaa – ndiyo afikoman. Watoto wanaiiba na kuificha. Na bila kula kipande hicho mwisho wa chakula, Pasaka haifungwi. Hakuna anayeondoka mezani! Kwa hiyo wakubwa wana njia mbili tu: waitafute mpaka waipate, au wampe mwizi zawadi anayotaka.

"Yoyote?" Iair huyo! Neno lake la kwanza wiki nzima.

Kwa furaha nikasema, "Yoyote."

"Hata kubwa?"

"Hata kubwa."

"Na wakiipata wenyewe?"

"Hapo mwizi hapati kitu. Ndiyo maana anaficha vizuri."

Wenzake wakaanza kuagiza. Farasi. Baiskeli. Mmoja anataka mdogo wake abadilishwe, aletewe wa kike. Malena anataka kuwa mkuu wa shule. Graciela alikuwa anapita, akasema amchukulie cheo leo leo, na kikao cha wazazi akichukue pia.

 Iair alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha matza.

Jumatatu, 27 Machi

Mazoezi. Katika mapigo kumi ya Misri, kila mtoto anataka kuwa chura. Nzige hawana mtu. Giza halina mtu. Tumepiga kura: Farao atapigwa na vyura mara kumi. Wazazi wenye elimu ya dini watanisamehe.

Wakati wa kupaka rangi nikawauliza Pasaka wanakula wapi. Kwa bobe, kwa shangazi, kwa jirani mwenye meza kubwa. Iair: "Usiku wa kwanza kwetu. Usiku wa pili kwa zeide. Baba ananishusha mlangoni, hapandi juu."

"Na usiku wa kwanza zeide anakula na nani?"

"Na redio."

Akaendelea kupaka chura wake rangi ya kijani. Mimi nikaenda kwenye kabati kutafuta gundi ambayo hakuna aliyeihitaji. Nimelia kidogo humo, nasema ukweli. Nikatoka na gundi.

Jumatano, 29 Machi

Kila mtoto alete wakubwa wawili kwenye Pasaka yetu ya shule. Mama yake Iair, Carla, ni muuguzi, Jumanne asubuhi yuko zamu. Kaniandikia: mtoto kamwalika baba, kamwalika na zeide. Kila mmoja kaapishwa asimwambie mtu. "Nakuomba, Mwalimu, usiharibu."

Niharibu mimi? Mimi ni kaburi la siri!

Asubuhi Damián kaniuliza mlangoni, macho kwenye viatu, kama "yule bwana" atakuja. Nikasema sijui, ni wengi mno. Mchana zeide kapita bila kuwa siku yake. Kaniuliza kama "yule mfanyabiashara" atakuja. Sijui, zeide, ni wengi mno. Uongo mara mbili kwa siku moja, na kesho naingia darasani kufundisha Amri Kumi.

Wana pua moja, wale wawili. Na wote hukuna sikio wakiona haya.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimechoka. Siku nzima kusaka chembe za mkate kabla ya sikukuu, maana Pasaka hamira haibaki ndani. Tumetoa biskuti ndani ya kinanda. Ndani ya kinanda!

Wenzake wanasaka makombo, Iair anasaka mashimo. Nyuma ya kabati, chini ya zulia, ndani ya sanduku la mavazi. Anatia mkono, anapima, anatikisa kichwa. Malena kaniambia kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani: "Mora, huyu anapanga kitu." Kimya kingi kina mshindo mkuu. Na mimi ndiye niliyesema yoyote.

Jumanne, 4 Aprili

Naandika hapa hapa ukumbini, nimekaa kwenye kiti cha mtoto, daftari gotini. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka. Supu ya madonge ya matza imeliwa, masufuria yanaoshwa, na Pasaka ya Darasa la Bluu haijafungwa!

Nianze mwanzo. Wamefika wote. Damián kaingia, kaona kofia ya baba yake mbele, kageuka – na nyuma yake mlango umeshajaa mabibi. Kaketi. Iair katikati yao, miguu haifiki chini, anatabasamu kama bwana harusi. Ukumbi ulikuwa na joto, wakubwa wakavua makoti wakayatundika ukutani. Hata zeide!

Wameimba vizuri, jamani. Maswali manne ya Pasaka kwa Kiebrania, bila kukosea hata moja. Machipuko yamefika, na majani yanaanguka dirishani, na Malena akainua bega akaimba vile vile. Vyura waliruka mpaka juisi ya zabibu ikamwagika. Mezani wale wawili walikuwa wanasemezana kupitia mtoto. "Iair, mwambie zeide anisogezee chumvi." "Iair, mwambie baba yako ana mikono."

Ikafika saa ya afikoman. Nikainua mto niliokuwa nimeiweka chini yake. Hakuna kitu.

Vicheko! Kila mwaka vicheko. Nikauliza, mwizi ni nani? Iair akapanda juu ya kiti.

"Mimi. Na sitaki baiskeli."

"Unataka nini, mpenzi?"

"Kesho zeide aje kwetu. Na keshokutwa baba apande juu."

 Nilifundisha "sheket" mwezi mzima, sikuwahi kuipata kama ile.

Damián akawa mwekundu. "Iair, toa. Mambo ya wakubwa haya. Toa, watu waende kazini."

"Mora kasema yoyote."

Macho yote kwangu. Ahadi ni deni, ningesema nini? Nikasema ndiyo, nilisema. Hata kubwa. Malena akasimama kama wakili: "Tena kasema hakuna kuondoka! Sheria!"

"Sheria ni msumeno," zeide akasema, akitazama dari.

"Mwambie zeide wako," Damián akasema, "kwamba msumeno unakata mbele na nyuma. Tukiipata wenyewe, kesi imekwisha. Si ndivyo, Mwalimu?"

Ndivyo. Mdomo wangu huu! Damián akakunja mikono ya shati akaanza kutafuta. Zeide naye akainuka – hatakubali ishikwe na mkono wa mfanyabiashara. Mmoja akaanzia mashariki, mwingine magharibi. Wazazi wengine wakataka kusaidia, Graciela akawaketisha kwa macho tu. Alikuwa na mkutano. Naona ameufuta.

Wamepekua kabati. Wamepekua sanduku la mavazi, Damián katoka na taji la Malkia Esta kichwani bila kujua, na hakuna aliyemwambia. Chini ya zulia. Nyuma ya mapazia. Ukumbi si mkubwa, wamekutana kwenye kinanda. Wote wawili magotini, na Malena kati yao anashika tochi.

Zeide kamwambia Malena: "Mwambie huyu bwana, alipokuwa mdogo aliificha ndani ya kiatu changu."

Damián, kichwa chini ya kinanda: "Mwambie haikuwa kiatu. Nilishuka nayo dukani. Niliitia kwenye droo ya meza ya mama."

Malena hakuwa na la kupeleka. Wote walikuwa wamesikia.

Zeide kakuna sikio.  "Mwambie tulijua," kasema. "Kila mwaka droo ile ile. Nilitaka kuifungua mwaka wa kwanza tu, Ester akanipiga kofi mkononi. Akaniambia, tafuta kwingine, mzee, mtoto anangoja."

Damián hajatoka chini ya kinanda. Naona viatu vyake tu. Havisogei.

Iair bado yuko juu ya kiti. Hatabasamu tena. Anaogopa wataipata, namjua. Na mimi ninaogopa zaidi yake, maana mimi ndiye niliyemwambia kwamba dunia ina sheria ya namna hii.

Malena kaanza kulia kwamba vyura wana njaa tena. Zeide kasimama, kanyoosha mgongo, kaenda ukutani kwenye koti lake kumtafutia peremende. Mkono umeingia mfukoni.

Umekaa humo humo.

Namwona usoni. Mungu wangu! Namwona usoni, na Iair juu ya kiti amefumba macho.

Mkono umetoka. Peremende moja, na vidole vyote vina unga na chembe za matza. Mzee kanitazama. Kavifuta kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kampa Malena peremende yake.

"Baba?" Damián katoa kichwa chini ya kinanda, taji limeinama sikioni. "Umepata kitu?"

"Hakuna kitu," anasema zeide. "Sogea kidogo, Damián. Nipishe na mimi nitazame huko." Anashika ukingo wa kinanda, anapiga tena magoti kando ya mwanawe, na anatafuta kwingine.