Fasi Mashine Iliruka

Nakivale, Jumapili jioni

Kwako kaka yangu mkubwa, yaya Emery,

Pole na baridi ya huko Kanada. Huku mvua imenyesha, maharage yamechanua, na mdogo wetu Grâce bado anavaa viatu vya harusi yake hata akienda kuchota maji.

Ujumbe wako umenishtua. Unasema umeitazama video ya harusi tena na tena, mama humuoni, na sasa unauliza kama tunakuficha msiba. Hapana, yaya! Mama yuko hai. Alikaa kiti cha mbele toka asubuhi.

Sherehe ilichukua siku nzima, na video ndefu hivyo ingekusumbua kwenye simu. Ndiyo maana Patrice, mpiga video wa Kakoba kule Mbarara, aliiachia kompyuta yake iifupishe. Nilipokwenda kumgombeza alisema, "Mashine inachagua yenyewe, dada. Inabakiza fasi, pahali batu banacheza, banapiga vigelegele. Fasi hakuna kitu kinatembea, inaruka."

Nilitaka kukuambia kwa simu, lakini ningelia. Tangu Pasaka mama hasogei wala hasemi. Daktari wa Mbarara anasema ni mshipa wa kichwani. Kusikia, anasikia: tulipomwambia kwamba utamuona, aliikazia kamera macho.

Nimemwambia Patrice akutumie ile ndefu, kipande kwa kipande. Ukifika fasi ambapo utadhani picha imeganda, yaya, usipeleke mbele. Huyo ni mama, anakuangalia.

Mdogo wako,
Annonciata