Kuku wa Kufungua Mudomo

Mulipotelea wapi? Tangu mvua za kwanza hamujakanyaga hapa, na mimi niko nimekaa na mudomo umefungwa kama gunia la muchele. Haya, ingieni, kaeni. Leo ni Ijumaa, jua limetoka hapa Kasongo baada ya mvua, na niko na habari.

Niko na meno.

Mugeni ajue hivi: mimi sikusoma. Nasema, mujukuu wangu Mwamini anaandika kwenye telefone, ananisomea, kisha anawatumia ninyi. Akinipambia maneno, anafuta.

Meno manne ya mbele, ya juu, yalinitoka moja moja. Tangu hapo nacheka nyuma ya kikwembe, kitenge changu cha kujifunga. Watu wakija kwangu Kabambare wanaleta ndizi zilizoiva, laini, wananiwekea mukononi na sauti ile ya kumuambia mugonjwa pole. Nilikula. Nilizichukia. Mahindi ya kuchoma nilikuwa nayanusa tu.

Binti yangu Zuhura, aliyeolewa huku Kasongo, akaniambia panda pikipiki uje, kazini kwa mume wangu wanatengeneza meno. Nilijua mume wake, Ramazani, anafanya kazi na daktari wa meno. Nilidhani anamuoshea vyuma. Nimefika na matope mpaka magotini, kumbe daktari anang'oa tu. Mwenye kutengeneza ni Ramazani, peke yake.

Sasa sikilizeni. Kwetu mama mukwe hali chakula mbele ya mukwe wake. Sahani yangu inakaa chumbani, yake barazani. Tangu amuoe Zuhura hajawahi kuona ulimi wangu. Leo nimuachamie kama kifaranga?

Alikoroga dawa nzito kama uji, akaijaza kwenye kijiko cha chuma chenye umbo la taya, ili achukue alama ya mudomo. Nikavuta kikwembe mpaka puani. Yeye akatazama chini. Dawa ikaganda kwenye kijiko. Akakoroga nyingine, nayo ikaganda.

“Mama, hii haingoji,” akasema polepole.

Nikamuambia hata mimi singoji. Nikatoka.

Nyumbani Zuhura akanishukia. “Kwani mama, meno ni uchi?”

“Mbele ya mume wako, ndiyo.”

“Basi rudi Kabambare ukale ndizi zako.”

Neno hilo lilinichoma. Nilikaa jikoni nachambua muchele, na nikaona wazi kitu ninachoogopa: kufa nimefunika mudomo, na wajukuu wangu hawajui kicheko changu kinafananaje.

Lakini haya ya wakwe haikai milele. Mukwe analeta kuku, mama anapokea, wanamula pamoja, imekwisha. Sisi hatukuwa tumefika huko. Kila mutu alingoja mwenzake aanze. Nikamutuma Zuhura: muambie mume wako alete kuku kwanza, kijiko baadaye.

Asubuhi Ramazani alisimama mulangoni na kuku mweupe kwapani, macho chini. “Hodi, mama.”

Nikapokea kuku. “Karibu, baba. Lete kijiko chako kabla sijabadili mawazo.”

Niliachama mpaka masikio yakauma.

Meno yenyewe ni kibao chembamba, rangi ya ufizi, na meno manne, na vyuma viwili vidogo vya kushika meno yaliyobaki. Mara ya kwanza yaliniuma. Akayakwangua pembeni, akajaribu, akakwangua tena. Salamu yangu ya kwanza ilitoka na muluzi. Nikataka kuyasugua kwa majivu kama sufuria, akaninyang'anya. Ni maji baridi na sabuni, mama, akasema, uyatoe ukilala, na uanze na vitu laini.

Kuku alingoja meno, akitaga kwa Zuhura. Leo ndiyo zamu yake. Amekaa motoni tangu asubuhi, na karanga, mpaka nyama ikawa laini kama alivyoagiza fundi. Mukeka mumoja, sinia moja ya wali, mukwe wangu mbele yangu.

Nikauma paja. Likakatika.

Ramazani aliangalia mudomo wangu kama mutu anayeangalia paa aliloezeka, siku ya mvua. Nikacheka. Kikwembe kilikuwa kiunoni, na kikabaki kiunoni.

Na mimi nikamuangalia. Miaka yote hiyo sikujua anakula namna gani. Anakula taratibu, ini anawapa watoto, na anatafuna upande wa kushoto tu.

“Baba, fungua mudomo.”

Akakataa. Nikamuambia kuku ameshaliwa, hakuna haya tena. Akafungua. Upande wa kulia, nyuma, mapengo mawili. Mutengeneza meno huyo. Zuhura alilala kwenye mukeka kwa kicheko.

“Nani atanitengenezea, mama?” akasema.

“Wewe mwenyewe. Kioo nitashika mimi.”

Kwa hiyo Kabambare wataningoja kidogo. Sitoki Kasongo mpaka mukwe wangu atafune pande zote mbili.

Nawe ukija tena kunitembelea, ndizi acha nyumbani. Leta mahindi, yale magumu, na ukae mbele yangu, si pembeni.

Nataka uone.