Dhamana ya Kasyoki

Ijumaa, 7 Machi 2025

"Aliyepewa kifungo cha nje akakivunja hana dhamana. Dhamana ni ya mtu ambaye bado hajahukumiwa." Hayo ni maneno ya Mohinder, wakili mstaafu wa ghorofa ya pili, akinimiminia chai kana kwamba anafunga faili. Upuuzi! Kasyoki, ndugu yangu mdogo, alikamatwa jana Dagoretti Corner kwa kutoripoti kwa afisa wake wa probesheni. Leo amepandishwa kizimbani. Hakimu amesema hana dhamana? Hapana. Amesema aletewe kwanza ripoti ya probesheni, ataamua Jumatano. Kama hakuna dhamana, ripoti ya nini?

Nilimwambia Mohinder hivyo, nikamtajia na Katiba. Alicheka. "Nthenya, hakimu ana hiari ya kumwachilia. Hiari si haki. Usiitupe Katiba kama jiwe."

Nilirudi kwangu nimekasirika, nikaisoma sheria yenyewe mara mbili. Ana ukweli kidogo. Kidogo!

Jumamosi, 8 Machi

Naandika ili nielewe mwenyewe. Kosa la kwanza—kumpiga ngumi keateka, msimamizi wa nyumba alimopanga—liliisha. Alikiri, akapewa miaka miwili ya kifungo cha nje. Swali la sasa ni lingine: alivunja masharti? Ikithibitika, hakimu anaweza kumfunga kwa ile ngumi ya mwaka jana. Dhamana haisemi hana hatia. Inasema tu asubiri jibu akiwa nyumbani, si rumande. Basi. Hakimu anataka kujua jambo moja: akiachiliwa, atapatikana?

Na anayeulizwa ni nani? Afisa yule yule! Wamucii ndiye aliyeandika kwamba Kasyoki amepotea, na Wamucii ndiye atakayeandika kama anafaa kuachiliwa. Hapo kuna makala ya gazeti. Kuna makala tatu!

Jumatatu, 10 Machi

Wamucii amekuja kuona nyumba yangu, ambamo Kasyoki atakaa akiachiliwa. Nilitarajia mtu mwenye sura ya rungu. Ni mama mwembamba, viatu vina matope ya Kabiria. Aliomba maji. Alikuwa ameenda Kabiria mara tatu mwezi uliopita, akakuta chumba cha Kasyoki kimeng'olewa mabati na majirani hawajui alikohamia.

Nilimweleza habari za mgongano wa maslahi kwa nusu saa. Alisikiliza, kalamu imelala.

"Umemaliza, Madam?"

"Kwa sasa."

"Hata mimi sitaki arudi ndani. Kazi yake ya kuchomelea anaifanya, hajagusa mtu tena. Lakini nikiandika kwamba atapatikana, lazima nijue mbona hakupatikana. Amekuwa hapa Hurlingham tangu Januari. Nani alimwambia asiniambie?"

Nikasema Kasyoki ni mtu mzima.

Akaandika mstari mmoja. Sikuuliza ni upi.

Jumanne, 11 Machi

Ni mimi.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kubishana naye. Siku tuliposhusha godoro lake, Kasyoki alisema, "Dada, wacha nimpigie Wamucii nimwambie nimehama." Nikamjibu: wewe si ng'ombe wa kupigwa chapa, na nyumba yangu si ofisi ya serikali. Akacheka, akairudisha simu mfukoni. Baada ya hapo akaogopa kwenda kuripoti, asije akaulizwa anakaa wapi. Akaruka siku moja. Ya pili akaogopa zaidi.

Miaka ishirini naandika kuhusu haki za wengine. Hii ilikuwa simu ya dakika mbili.

Jioni nilimuuliza Mohinder, kwa mbali: tuseme mdhamini ndiye aliyemshauri mtu avunje masharti?

"Hakimu hatamkubali hata dakika moja. Nani huyo?"

"Mfano tu."

Alinitazama juu ya miwani. Gurleen, mkewe, akamwambia aache watu wanywe chai.

Mdhamini wa Kasyoki ni mimi peke yangu. Hati ya shamba ya kuweka dhamana imo mkobani tayari.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha mahakama. Hakimu ametoka kwa dakika thelathini.

Ripoti ya Wamucii ni nzuri! Ana makazi, ana kazi, si hatari kwa mtu. Kisha mstari wa mwisho: sababu ya kuficha makazi haijaelezwa. Hakimu akamgeukia Kasyoki: nani alikushauri unyamaze?

Kasyoki, katika shati lile lile la Alhamisi: "Hakuna mtu, mheshimiwa. Niliamua tu."

Hakuniangalia hata mara moja.

Hakimu akasema anayeamua tu kupotea anaweza kuamua tena. Nikasimama. Karani akanikatiza: "Mdhamini, kaa chini. Hujaitwa."

Nikisema ukweli, mimi si mdhamini tena. Nikinyamaza, Kasyoki ni mkaidi na anarudi rumande. Wamucii amepita hapa, akasimama, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nimemwambia ninalo, anipe dakika kumi.

Nanakili hapa ujumbe niliotuma sasa hivi:

"Mohinder, Gurleen. Mimi ndiye niliyemkataza Kasyoki kumwambia afisa. Hakimu akirudi nitasema hivyo mbele ya watu wote, na udhamini wangu utakufa papo hapo. Mnamjua Kasyoki, mmekula naye. Msinijibu kwa sheria. Chukueni logbuku ya gari na vitambulisho, mje sasa. Mmoja wenu asimame mahali pangu."