Kikombe cha Saba

Saijo, 14 Aprili

Kaka Tatsuomi,

Nimefurahi kusikia kwamba mama ameacha kukohoa. Ila unasema Jumatatu utalivunja pipa la baba kwa kuwa majaji waliikataa sake yako ya mchele. Nakuomba usubiri.

Vikombe vya mashindano havikuwa na majina, lakini cha saba nilikitambua kwa harufu tu: mwerezi wa pipa lile, kama koti la baba. Mzee Kuramochi, jaji mwenzangu, badala ya kuonja na kutema, alimeza.

“Aisee, hii naondoka nayo!” akacheka. “Shizuno, wewe uliyezaliwa kwenye kiwanda cha sake, unasemaje?”

Nikatema. “Ina harufu ya ukungu,” nikasema. Wote wakashusha alama.

Nilijiambia kwamba nakwepa kuonekana napendelea. Huenda ni kweli. Huenda pia ni kwa sababu baba alikuachia wewe pipa, mimi akanipeleka chuo. Sijui, na kutojua huko hakunipunguzii aibu.

Haikuwa na ukungu, kaka. Ilizishinda zote. Leo asubuhi nimewaandikia majaji hivyo hivyo. Hawatanialika tena, na ni haki yao.

Pipa halina kosa. Usiliguse.

Mdogo wako,
Shizuno