Jina la Saidi Ukutani

Bariadi, Jumanne

Nimenawa lakini simenti bado imo kuchani.

Leo tumepiga plasta ukuta wa chuo, wa kuwakumbuka watu wakubwa waliofia katika mji huu. Juu litawekwa jina la mchoraji, chini yake la mtafiti wa mbegu za pamba.

Saidi, niliyetoka naye Newala, alianguka kutoka kwenye mirunda tuliyosimamia tukijenga ukuta huohuo, akafa. Kaburi lake halina hata ubao. Plasta ikiwa mbichi, nikaandika jina lake kwa msumari.

Fundi mkuu akacheka. "Ng'wanawane, mwanangu, huyo alivumbua nini? Kuanguka?"

Wote wakacheka.

"Futa, au urudi kwenu," fundi akaniambia.

Nikafuta mwenyewe, nikasugua mpaka pakawa laini.

"Hapo sasa umekuwa fundi," akasema.

Na kweli, hapaonekani kitu.