Buti Nilizokuchagulia, Otim

Mdogo wangu Otim,

Simu yako ya Jumapili imenivuruga. Ulisema umeacha magongo ya kutembelea, umetembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi. Halafu ukacheka, ukaniambia, "Omera, ndugu yangu, nikipona kabisa narudi uwanjani. Buti unazijua wewe. Nichagulie."

Nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Kuna jambo hulijui. Nimekaa nalo mwaka mzima.

Unakumbuka kambini, enzi za vita, Baba alipotuletea jozi moja ya buti tuigawane? Kipindi cha kwanza nilivaa mimi, cha pili ukavaa wewe, magazeti yamejaa kwenye vidole. Nilianza kuchunguza buti tangu hapo. Tulipohamia mjini, mtaa wa Kyebando, na kujiunga na timu ya mtaa, kila mchezaji alinivuta hadi soko la Kamwokya nimchagulie. Niliwafundisha wote: kunja kiatu, kikikunjika pale vidole vinapokunjika ni kizima, kikikunjika katikati kimeshakufa. Mtumba wenye soli iliyoshonwa utadumu kuliko mpya wa gundi. Acha nafasi kidogo mbele ya kidole gumba. Na kwa sababu kiwanja chetu ni murram, udongo mwekundu wa changarawe, kigumu kama barabara, chukua zenye njumu fupi za mpira chini ya soli, ziwe nyingi, zisizouma ardhi.

Hayo nilimwambia kila mtu. Wewe siku ile sikukuambia.

Ilikuwa Jumamosi, tuko kwa Mama Riziki, yule Mkongomani wa viatu vya mtumba. Ulikuwa umevuka barabara kununua chapati. Mbele yangu kulikuwa na jozi mbili za namba yako, bei moja. Moja nyeusi, imechubuka, njumu fupi. Nyingine rangi ya chungwa, karibu mpya, ngozi laini kama ya glavu, na chini njumu sita za chuma.

Mama Riziki aliniona nimeshika zile za chungwa. "Hizo usimpe mdogo wako," akasema. "Ile ni ya kuchezea fasi ya majani na maji. Kwa udongo yenu itashika chini, mwili ugeuke, mguu ubakie."

Nikamjibu, "Mama, buti nazijua mimi."

Na kweli nilijua. Nilijua kwamba anasema kweli, Otim. Lakini nilitaka uingie uwanjani watu waulize nani kakuchagulia. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta mwaka mzima, sijaipata.

Ulirudi na chapati mdomoni, ukasimama. "Hizi? Zangu?" Mama Riziki akaangalia pembeni.

Kesho yake, kipindi cha pili, uligeuka kuufuata mpira. Mwili uligeuka. Mguu haukugeuka. Nilikuwa nje ya mstari na nililisikia goti lako, mlio mkavu, mfupi. Refa alikuwa na kipenga mdomoni asipulize. Nilipokufikia, buti ilikuwa bado imesimama, njumu mbili zimenasa kwenye ufa wa ardhi hadi kwenye soli, nikaing'oa kwa mkono. Ulikuwa umejaa jasho, na ukanifariji mimi: "Sio buti, omera. Bahati mbaya tu."

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Ndiyo. Bahati mbaya."

Usaili wako wa kuingia polisi ulikuwa umebaki wiki mbili. Baba alikuwa ameshakupigia pasi bukta ya kukimbilia, imening'inia mlangoni. Hakuna aliyeitoa mpaka ulipopelekwa Gulu kwa shangazi.

Mwezi uliofuata nilirudi kwa Mama Riziki, sijui nikitafuta nini. Labda nilitaka anitukane. Alinisogezea kigoda, akauliza hali yako. Nikamwambia daktari amesema kano la goti limekatika.

"Mimi sikuambia mutu," akasema. "Ile ni neno yako ya kusema."

Mwaka mzima sijasema. Niliacha kuwachagulia watu buti, wakadhani ninaringa. Na wewe, uliyelala ukikodolea macho dari ya watu, uliyewaona wenzako wakivaa sare, unanipigia simu kuniomba nikuchagulie tena! Sijui nilitegemea nini, lakini imani hiyo sikuitegemea. Imenipiga kuliko ule mlio wa goti.

Leo asubuhi nimemwambia Baba. Alikuwa akinyoa ndevu. Aliweka wembe chini, akaenda kusimama nje na povu upande mmoja wa uso. Nilipomwendea akasema, "Mimi usiniambie kitu. Nenda kwa mwenye goti."

Nakuja. Barua hii nimempa binamu yetu anayesafiri kesho, ikutangulie. Mimi nitafika Jumamosi. Nimetaka uwe na siku za kukasirika bila uso wangu mbele yako, maana najua ukiniona utanihurumia haraka, na sitaki hivyo. Shangazi msomee, au usimsomee, uamuzi ni wako.

Ukiona mlango ufungwe, ufunge. Nitakaa uani hadi basi la jioni, na Jumamosi inayofuata nitakuja tena.

Pole, Otim. Neno hili ndilo lililonishinda pale uwanjani.

Kaka yako