Fomu Niliyokujazia

Mpendwa mdogo wangu Eliamini,

Hii ni fomu ya pili kuwekwa mezani mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa yako, nawe sasa umelala Uganda, kwenye udongo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga. Ya leo ni ya mwanangu, wajina wako. Ina swali lile lile. Kabla sijalijibu nataka niseme nawe, maana nikinyamaza tena naona kabisa tunakoelekea.

Unaikumbuka ile bahasha ya chuo? Tarishi alipanda nayo kutoka Same mpaka kwetu Vudee, na Baba akafuta mikono mara mbili kabla ya kuipokea. Ukatusomea kwa Kiswahili, shingo umeinyoosha kama Bwana Shauri wa serikali. Utapokewa stesheni na mwanafunzi mkubwa. Utapewa chumba na mablanketi mawili. Kuna msimamizi wa bweni wa kumwendea ukiwa na shida, na kuna nesi anayekaa pale pale chuoni. Mama akauliza, "Na huyo nesi naye ana watoto?" Tukacheka. Nyuma ya barua kulikuwa na fomu: mwanafunzi ana ugonjwa gani unaojulikana nyumbani, ili tujue namna ya kumtunza?

Kifafa. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na hatukuwahi kulitamka hata sisi kwa sisi. Tulisema "ile hali". Lakini kuishi nayo tulijua. Hukwenda ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia, peke yako hata siku moja. Pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia, watu watoke wote kuzoa tope la lile bwawa, mimi ndiye niliyeingia kwa zamu yako, kanga nimeikaza kiunoni na vijana wananizomea. Na ulipooga kwenye mfereji nyuma ya migomba, mmoja wetu alikaa upande wa pili akikuita. "Eliamini!" "Nipo!" "Eliamini!" "Nipo bwana, mnanichosha!" Ukichelewa kuitika tulikuja mbio. Mara mbili tulikukuta uso umo majini.

Ile siku ya fomu hukuweza kushika kalamu. Mkono wako wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, umeungua. Ulianguka jikoni wiki ile, na mimi niliyepaswa kukaa nawe nilikuwa nimetoka uani kuwasalimia mashangazi wa Yoeli, waliokuja kunitazama kama nafaa kuwa mke wa kijana wao. Fomu nayo ilipaswa kupita kwa mwalimu mkuu aweke sahihi, na mwalimu mkuu ni baba yake mdogo Yoeli. Kwetu unakujua. Nyumba ikisikika ina kifafa, mabinti wa humo watazeeka na wazazi wao.

Baba akasema, "Andika hakuna."

Ukanitazama. "Dada, wewe unasemaje? Hawa wamesema watanitunza."

Nikakujibu, "Si umeshakua? Mwaka huu umeanguka mara moja tu." Mara moja tu! Na mkono ule unanuka dawa mbele ya pua yangu. Ukanitajia herufi za Kiingereza moja moja, macho umeyaelekeza mlangoni, nami nikaziandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

Pale stesheni ya Same vumbi la tambarare lilikuwa linatupofusha. Treni ya kwenda Moshi ilipoanza kusogea nikakuita, "Eliamini!" Ukatoa kichwa dirishani, "Nipo!" unacheka. Nikaita tena, lakini ulikuwa umeshaketi.

Barua yako ya kwanza ilitufurahisha wote. Mwanafunzi mkubwa, Mganda, alikubebea sanduku mpaka chumbani na akakufundisha kula kwa uma bila kukucheka. Nesi alikuuliza mkono uliunguaje, ukamwambia ulijikwaa. Hapo Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikwenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hayakuhitajika.

Ya pili uliniandikia mimi peke yangu. "Shikamoo dada. Huku kuna bafu, maji ya moto yanatoka ukutani, unalala ndani yake kama mfalme. Na mlango una komeo. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimeoga bila mtu kuniita."

Niliisoma nimesimama, nikakaa. Siku hiyo hiyo nilimwandikia nesi kila kitu, kwa Kiswahili changu, nikaamini atapata wa kumsomea. Kisha nikaihesabu harusi yangu: zilibaki wiki tatu. Bahasha ya kwenda chuoni kwako ingepokewa na karani wa posta, na karani wa posta alikuwa rafiki wa Yoeli. Nikasema moyoni, nikishaolewa nitaituma. Nikaifukia kwenye debe la unga. Kila asubuhi nilipochota unga wa uji niliigusa, ipo, nikafunika debe.

Simu ya maandishi ilifika kabla ya harusi. Baadaye nesi akaandika. Ulikuwa umejifungia bafuni, na kwa sababu hakuna aliyejua hali yako, hakuna aliyeshangaa ulivyokawia. "Tungejua," aliandika, "tungemweka mtu mlangoni." Watu walikuja kutupa pole ya ajali ya maji. Harusi ilisogezwa mbele, haikuvunjwa. Ndiyo bei niliyokuuzia, mdogo wangu, na nimekaa nayo miaka hii yote nikipika, nikizaa, nikiitwa mke mwema.

Sasa wajina wako ana miaka kumi. Ameanza kuanguka tangu mavuno. Ana mabega yako, na akiamka anauliza swali lako lile lile, "Nimefanya nini?" Amepata nafasi shule ya bweni, na wao pia wametuma barua ya kumkaribisha, nzuri, yenye nesi na blanketi. Jana Yoeli alipokuwa anashuka Same alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Hapo kwenye ugonjwa andika hakuna. Kwetu hatujawahi kuwa na kitu hicho." Akaniangalia kidogo. "Na kwenu?" Nikampa mfuko wake wa safari. Anarudi leo jioni.

Naogopa, Eliamini. Akijua nilijua, anaweza kunirudisha kwa Baba na kubaki na watoto. Lakini hapa nimeiweka barua kando kidogo, fomu nimeijaza na nimempa mchungaji anayeshuka mlimani mchana huu. Barua hii siifukii kwenye unga. Naiacha mezani, wazi, Yoeli akiingia ndiyo aikute kwanza.

Nimeandika kifafa kwa herufi kubwa. Na chini kabisa, mahali ambapo hawakuuliza kitu, nimeongeza: Akiwa anaoga, mwiteni jina. Asipoitika, vunjeni mlango.

Mimi dada yako, uliyenipa kalamu,
Nakundwa